Michezo Mitano Iliyomtoa Machogu Jicho

Machogu alikuwa ameziba uso kwa mikono miwili, damu inachuruzika hadi viwikoni...

Na chupa iliyovunjika ilikuwa mkononi mwangu!

"Mogire! Umenitoa jicho, Mogire!"

Jameni, msianze kunitukana kwenye komenti. Nisomeni kwanza.

Ilikuwa Januari 1974, soko la Daraja Mbili. Mimi na Machogu tulikuwa wapakiaji wa ndizi, marafiki wa kula sahani moja. Tulicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Siku hiyo wachuuzi wakataka kujua mkali ni nani. Michezo mitano tu.

Nikashinda mitatu, yeye miwili.

Walinibeba juu juu!

"Mitano haitoshi," Machogu akasema. "Hiyo ni bahati."

"Umeshindwa, nyamaza!"

"Bahati tu, Mogire."

Watu wakacheka. Sijui walimcheka nani, lakini mimi niliona wananicheka mimi. Nikagonga chupa kwenye jiwe...

Mengine mmeyasoma.

Nikatorokea kwa shangazi yangu, kijiji cha Kebirigo. Siku ya tisa Obwocha, kaka yake Machogu, akanikuta kwenye shamba la majani chai.

Rungu la kwanza lilinivunja mkono wa kushoto. Mfupa ulilia, kah! La pili likanilaza kifudifudi. Mateke ya mbavu yakafuata, moja baada ya jingine, mpaka nikatapika damu kwenye udongo. Kisha akanikanyaga shingo, akachomoa panga.

"Sali, mura! Sali, kijana!"

Sikuwa na pumzi ya kusali.

"Obwocha, mwache!"

Alikuwa Machogu, kichwa chote bandeji.

"Nimwache huyu? Aliyekutoboa jicho?"

"Ukimuua, nitajuaje kama kweli alinishinda?"

Basi tukacheza. Tangu Machi hadi Desemba, kila Jumapili michezo kumi, nyumbani kwa Machogu, kule Keumbu. Sare tulizirudia. Mkewe, Drusilla, alichora alama ukutani kwa mkaa, bila kunitazama usoni hata mara moja. Obwocha alikaa mlangoni, panga magotini.

Michezo ishirini: mimi kumi na mitatu, yeye saba. Nikatabasamu. Obwocha akanizaba kofi, nikaanguka na kiti!

Mia moja: mimi hamsini na mmoja, yeye arobaini na tisa. Tabasamu likaisha lenyewe.

Mia mbili: yeye mia na tisa, mimi tisini na mmoja.

"Umeshinda," nikamwambia. "Tuache, ndugu yangu."

"Bado. Labda sasa bahati ni yangu mimi."

Jameni! Mtu wa jicho moja, na bado hataki kujidanganya!

Mia nne: Machogu mia mbili thelathini na miwili, mimi mia moja sitini na minane.

Drusilla akatupa kipande cha mkaa. Obwocha akasimama na panga.

"Nimmalize?"

Nikafumba macho...

"Hapana," Machogu akasema. "Kesho aende sokoni, aseme mwenyewe."

Kesho yake nilipanda juu ya kreti mbele ya wale wale walionibeba.

"Machogu ni mkali kuliko mimi! Alikuwa mkali hata ile siku!"

Jiwe likanipasua paji la uso. Nikafikiri ni Obwocha. Nikafuta damu, nikatazama...

Alikuwa Drusilla! Na mkono wa pili ulikuwa na jiwe jingine. Nilisimama pale pale mpaka akalirusha.

Machogu hakumzuia. Wala hakucheza nami tena hadi alipokufa.

Vijana, mimi sasa ni mzee, na hili nawaambia bila kuficha. Ushindi wa tatu kwa mbili hausemi kitu. Hata michezo ishirini inadanganya. Kama mnakaribiana nguvu, chezeni mamia kabla hamjamwita mtu bingwa. Na kama huna subira hiyo, basi sema "sijui" na urudi nyumbani kwa amani. Mimi neno hilo moja lilinishinda kulisema.