Ninayo Hii Moja Tu

Jumamosi ile soko la Preston lilikuwa limefurika. Mvua ya Julai iliwafukuza watu wote chini ya mapaa, na foleni ya boreki, mikate ya kukunja yenye nyama, ilijikunja mpaka kwenye kibanda cha picha cha Despina Mavridis. Lachlan Treloar, aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni, akajikuta ameegemea fremu.

"Ukiivunja umeinunua," sauti ya kike ikasema nyuma yake.

Aligeuka. Mwanamke aliyesimama hapo alikuwa na nywele nyeusi za mawimbi, amezifunga juu kwa penseli, na sweta la rangi ya haradali lenye mikono mirefu kuliko yake. Lachlan aliitazama ile fremu. Ilikuwa picha ya muuza zeituni wa pale sokoni. Uso, mikono na meza vyote vilikuwa vyeusi na vyeupe, isipokuwa zeituni zenyewe, zilizobaki na ukijani wake. Akamwuliza imechukua muda gani. Despina akamwambia muda wa saa tatu, anafuta rangi kidogo kidogo kwenye kompyuta mpaka kidole kinakufa ganzi.

"Mimi nina programu inayoifanya kazi hiyo kwa dakika mbili," Lachlan akasema.

"Wanaume wote wanaosimama hapo wana kitu cha dakika mbili."

Lachlan aliona haya mpaka masikioni, lakini hakuondoka. Alieleza kwamba programu ameitengeneza mwenyewe, inaitwa Rangi Moja, na amekuwa akiiuza miaka sita. Unapitisha brashi juu ya rangi unayotaka ibaki, kila kingine kinageuka kijivu. Ndipo akaiona kompyuta iliyokuwa mezani, kubwa, ya zamani, ya Windows. Akakatiza maelezo.

"Mbona umepoa?" Despina akauliza.

"Yangu inafanya kazi kwenye kompyuta za Mac tu."

Despina alicheka mpaka mteja aliyekuwa akichagua fremu akageuka. "Yaani umekuja kunitangazia harusi nisiyoalikwa."

Lachlan alisahau boreki yake. Aliondoka pale na namba ya simu.

Kwa miaka mingi wateja walikuwa wakimwandikia kumwomba aitoe programu yake kwa watu wa Windows, naye akiwajibu kwamba analifikiria. Jumatatu ile aliacha kulifikiria, akaanza. Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Karibu kila kitu kilibidi kiandikwe upya, na nyekundu ya kwenye mashine moja ilitokea kuwa rangi ya chungwa kwenye nyingine. Kila Jumamosi alifika sokoni na koti lake la kijani la mvua, akaketi nyuma ya kibanda, akaijaribu programu kwenye kompyuta ya Despina. Wateja wakamzoea. Wengine walidhani ni fundi, wengine mume.

Siku nyingine alikaa nyumbani kwake Coburg, na simu ilikuwa ndiyo njia yao.

"Umekula?" Despina angeuliza.

"Nimekunywa kahawa."

"Kahawa si chakula, mpenzi. Njoo."

Siku alipolitamka neno 'mpenzi' mara ya kwanza, lilimtoka bila kukusudia. Kisha Lachlan akamwomba arudie, akijifanya hakusikia vizuri. Despina akamwambia mtandao mbovu, akakata.

Mwaka ukapita hivyo. Agosti iliyofuata, tarehe ya kuizindua programu ikiwa imeshatangazwa, Despina alimwonyesha picha ambayo hakuwa akiionyesha watu. Mama yake, Stavroula, aliyefariki miaka minne nyuma, amesimama ufukweni Williamstown, upepo umempiga kitambaa chake cha buluu kichwani, na anacheka.

"Mama hakupenda kamera," alisema. "Ninayo hii moja tu."

Alitaka iwe picha yake ya kwanza siku programu itakapotoka: mama yake na bahari na mawingu vyote viwe vya kijivu, kitambaa kibaki buluu. Angeipeleka Geelong kwa mama yake mdogo, Fotini, tarehe kumi na nne Septemba, sikukuu ya jina la marehemu, ambayo Wagiriki huiadhimisha kama siku ya kuzaliwa.

Wiki hiyo Despina alitoka kupeleka albamu ya maharusi, akamwachia Lachlan kibanda. Lachlan akaona amfanyie jambo la kumfurahisha. Aliifungua picha ya Stavroula, akapitisha brashi kwenye kitambaa, dunia nzima ikawa kijivu na buluu ikabaki ikiwaka. Ilipendeza sana. Akabonyeza kuhifadhi.

Kisha akafungua picha ya asili ili azilinganishe. Nayo ilikuwa ya kijivu.

Toleo jipya lilikuwa na kasoro ambayo hakuwahi kuigundua: halikutengeneza faili jipya, liliandika juu ya lile la zamani bila kuuliza. Alitafuta kila mahali kwenye kompyuta. Nyekundu ya mashavu ya Stavroula, kahawia ya macho yake, vyote vilikuwa vimekwenda. Na maneno ya Despina yakawa yanamgonga kichwani: ninayo hii moja tu.

Hakumwambia. Alipanga kumwambia kesho yake, kisha kesho ya kesho. Akaahirisha uzinduzi bila kutoa sababu. Aliiazima kompyuta ya Despina kwa siku mbili, akidai anakagua programu, akampelekea Ngaire, mama mmoja wa Sydney Road mwenye kazi ya kuokoa mafaili yaliyopotea. Ngaire alijaribu kila alichokijua, akashindwa. Lachlan aliirudisha kompyuta asubuhi Despina akiwa bado hajafika, akamwachia muuza zeituni. Simu alizijibu kwa maneno matatu: "Nina kazi, samahani."

Wiki tatu zilipita. Despina akiwa kwenye tramu, ile treni ya barabarani, alimwona Lachlan kwenye mgahawa wa Sydney Road, ameketi na mwanamke mwenye midomo iliyopakwa rangi nyekundu, na yule mwanamke amemshika bega. Aliteremka vituo viwili baadaye bila kujua anakwenda wapi. Akampigia.

"Niambie kitu kimoja tu, Lachlan. Yule mwanamke uliyekuwa naye anaitwa nani?"

"Ngaire. Despina, ngoja..."

"Ahsante kwa kutonidanganya," akasema, akakata.

Alhamisi soko lilipofunguliwa, Lachlan alikuwa tayari amesimama kwenye kibanda, hajanyoa, macho mekundu. Despina alipita pembeni yake kana kwamba ni nguzo, akaanza kutundika fremu. Lachlan akasema yote mgongoni mwake, moja baada ya jingine: brashi, kitambaa, kile kitufe, Ngaire na kazi yake, na ule mkono wa kumpa pole pale mgahawani. Mwisho akasema, "Nimeipoteza picha ya mama yako. Sikujua nitakuangaliaje."

Despina aliweka fremu chini. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nilisema ninayo picha hii moja tu. Sikusema nina nakala moja. Mimi ni mpiga picha, Lachlan. Kadi zote za kamera yangu zimo kwenye kopo la biskuti nyumbani. Nakala nyingine anayo mama mdogo, ameitundika juu ya friji."

Lachlan akaketi sakafuni katikati ya soko, akafunika uso, akalia. Wanunuzi wakamzunguka na vikapu vyao. Despina akachuchumaa mbele yake.

"Picha nimekusamehe kabla hujamaliza kusema. Lakini wiki tatu nilikuwa najiuliza nimekukosea nini. Hilo limeniuma."

"Nilidhani nikikuambia nitakupoteza."

"Na ulivyonyamaza ulidhani unanipata?"

Lachlan alimwahidi kwamba akiharibu kitu chake, atamwambia siku hiyohiyo.

"Saa hiyohiyo," Despina akamsahihisha, akamvuta asimame.

Lachlan alirekebisha programu isiguse kamwe picha ya asili, hata mtu akitaka. Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi, waliizindua palepale kibandani. Despina ndiye aliyebonyeza. Barua pepe ya kwanza ilitoka kwa mwalimu wa Dunedin, aliyesema ameisubiri miaka minne. Kufikia adhuhuri hakuna aliyelalamika, na Lachlan akala boreki tatu kwa mpigo.

Jumapili walipanda treni kwenda Geelong, Despina na gauni jeusi na hereni za mama yake, Lachlan na shati lililopigwa pasi. Fotini aliipokea picha, akambusu dada yake kwenye kioo, akalia kidogo. Kisha akamtazama Lachlan juu hadi chini, akamwuliza Despina jambo kwa Kigiriki. Despina akajibu kwa neno moja. Fotini akainuka, akaenda kuchukua simu.

"Amesemaje?" Lachlan akanong'ona.

"Ameuliza wewe ni nani."

"Na wewe?"

"Nimemwambia 'mchumba'." Despina alikuwa akiitazama kahawa yake, shingo imemwiva. "Kama hutaki, sema sasa hivi. Ameshaanza kuwapigia ndugu."

Lachlan alikiweka kikombe chini polepole.

"Mwambie asimsahau mama yangu," akasema. "Yuko Ballarat. Namba yake ninayo hapa."