Mistari Kumi na Saba

Kila asubuhi kabla ya shule, Jovelyn alipita kibandani kwa Bibi Asyon, kando ya mto, kununua wali wa nazi uliofungwa kwenye jani la mgomba. Bibi hakuacha kumtania.

“Mtaalamu wangu wa kompyuta, hiyo meseji yako ya mafuriko itanikuta hai kweli?”

“Wewe simu yako iwe na chaji tu, Bibi. Mengine niachie mimi.”

Jovelyn alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kapitana Belen, mkuu wa mtaa, alikuwa ameikabidhi klabu ya kompyuta ya shule orodha ya watu mia mbili na kumi waliokaa karibu na mto. Maji yakianza kupanda, programu ya Jovelyn ingewatumia wote ujumbe wa kuhama.

Tatizo lilijitokeza siku ya kuionyesha programu hiyo shuleni. Katika orodha, kila jina lilifungwa kati ya alama mbili za mtajo, ili kompyuta ijue linapoanzia na linapoishia. Lakini karani alikuwa ameandika na majina ya utani, akayatia alama zilezile: "Consolacion "Asyon" Abrenica". Bila la utani, nani angejua kuwa ni Bibi? Kompyuta ilipokuta alama katikati, ilidhani jina limekwisha, ikagoma. Mistari kumi na saba ilikuwa hivyo.

Mwalimu Delfin alikuwa amewafundisha dawa yake: kabla ya kila alama ya ndani, weka mkwaju ulioegemea nyuma, \, ndipo kompyuta itajua kwamba alama hiyo ni sehemu ya jina. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini Kapitana alikwishafika mlangoni, na Jovelyn hakutaka kuaibika. Akaandika agizo moja fupi: mstari wenye kosa, uruke. Kompyuta ikaacha kulalamika.

“Umejaribu majina yote?” mwalimu aliuliza.

“Yote, mwalimu.”

Ulikuwa uongo mtupu, na alipigiwa makofi kwa uongo huo. Alijiambia angerekebisha kesho. Kesho ikaja na mitihani, akasahau.

Wiki tatu baadaye kimbunga kilipiga. Alasiri simu zililia mtaa mzima, watu wakapanda shuleni na nguruwe wao na magunia ya mchele; hata waliokosa ujumbe waliwafuata majirani. Jirani mmoja, Nestor, alimgongea Bibi Asyon, aliyekuwa peke yake. Mumewe, Babu Pilong, alikuwa mlimani akivuna nazi.

“Bibi, twende!”

“Tangulia, mwanangu. Meseji yangu bado. Yule mtoto hawezi kunisahau.”

Walimkuta keshoyake, maji yalipopungua. Simu yake ilikuwa juu ya kabati, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, chaji imejaa.

Matangani, Nestor aliposimulia hayo, kikombe cha kahawa kilimponyoka Jovelyn. Aliangua kilio, akakiri kila kitu mbele ya mwalimu, Kapitana na Babu Pilong.

“Na sisi tuna kosa,” Kapitana alisema. “Tulipiga makofi bila kuhesabu majina.”

“Rekebisha,” Babu Pilong alimwambia msichana, basi.

Jovelyn alifuta lile agizo la kuruka, akatia mikwaju katika mistari yote kumi na saba. Safari hii mwalimu na Kapitana walisoma jina baada ya jina, wakilinganisha na karatasi. Siku ya kujaribu, watu walijaa ofisini kwa Kapitana, simu mkononi. Jovelyn akabonyeza.

Simu zikalia moja baada ya nyingine. Ya mwisho ililia katika mfuko wa shati la Babu Pilong. Ilikuwa ya mkewe.

Mzee aliitoa, akasoma ujumbe polepole, akafuta macho kwa kiganja.

“Kompyuta ilikuambia ukweli mapema, mjukuu wangu,” alisema. “Ilikuonyesha kosa wakati bado lingerekebishika. Siku nyingine ukiliona kosa, usilizibe mdomo. Sema, hata kama utachekwa.”

Kisha akairudisha simu mfukoni, bila kuizima.