Spika Mbili za Bibi Batuli

Kila alasiri alipotoka shule, Zuwena alivua viatu, akanawa mikono, akampelekea Bibi Batuli kikombe cha chai chumbani kwake. Bibi alikuwa mama wa baba yake, na aliishi nao katika nyumba ya mabati pale Rumonge, karibu na barabara iendayo Bujumbura. Miguu yake ilikuwa imechoka kutembea. Macho yalikuwa bado mazima, lakini masikio yalikuwa yameanza kumwacha. Ukitaka akusikie, ilikubidi ukae mbele yake na kusema polepole.

"Haya, mke mwenzangu," Bibi humtania akipokea kikombe, "leo mwalimu amewafundisha nini?"

Zuwena, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, humsimulia yote, hata makosa ya wenzake. Bibi hucheka mpaka chai inamwagika kwenye sahani.

Jumatatu na Alhamisi, ilipofika saa kumi na moja jioni, mazungumzo yalikoma. Huo ulikuwa wakati wa redio kusoma salamu za watu waliopoteana. Mtoto wa mwisho wa Bibi, Amisi, alikuwa fundi seremala. Alivuka ziwa akaenda Albertville kuunda mitumbwi, kisha vita vikaanza Kongo. Ulikuwa mwaka wa pili sasa bila barua wala mjumbe. Bibi hakuwahi kulia mbele ya watu. Alisikiliza redio tu, kila Jumatatu ziliposomwa salamu mpya, na kila Alhamisi ziliporudiwa.

Basi mwezi wa Juni mwaka 1962, wiki tatu kabla ya Uhuru, panya waliingia ndani ya redio ya nyumbani wakaitafuna karatasi ya spika. Kuanzia siku hiyo redio ilikoroma tu kama mtu mwenye mafua.

Baba yake Zuwena, Nasoro, alikuwa fundi wa kushona nguo. Siku zile kila nyumba ilitaka nguo mpya za sherehe ya Uhuru, na vitambaa vilikuwa vimejaa barazani kwake hadi mlangoni. Hakuwa na nafasi hata ya kunyoosha mgongo. Jumamosi asubuhi alimwita binti yake.

"Zuwena, una masikio mazuri kuliko sisi sote. Nenda kwa Papa Mulamba, fundi wa redio, uchague spika ya kuunganisha kwenye redio yetu. Usitazame sura yake. Sikiliza kama maneno yanasikika vizuri. Tunamnunulia Bibi."

"Ndiyo, Baba," Zuwena akajibu, akaifunga pesa kwenye ncha ya kitambaa chake.

Kibanda cha Papa Mulamba kilikuwa sokoni, nyuma ya wauza mawese. Mulamba alikuwa mzee mnene wa kutoka Uvira, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Amahoro, mutoto wa Nasoro!" akasema. "Baba yako iko muzima?"

"Amahoro, Papa Mulamba. Hajambo, anashona tu."

Mzee alimwonyesha spika, ambazo yeye aliziita bafle. Kulikuwa na moja kubwa, kama sanduku la nguo, yenye kitambaa cha kijani na pembe zinazong'aa. Na pembeni, juu ya rafu, kulikuwa na spika ndogo ndogo, kila moja ukubwa wa matofali mawili. Mulamba mwenyewe alizitengenezea visanduku vya mbao, akavipiga msasa mpaka vikawa laini. Hazikuwa na pambo lolote.

"Geuka, utazame ukuta," Mulamba akamwambia. "Sasa sikiliza."

Aliunganisha ile kubwa kwanza. Muziki ukavuma, makopo ya misumari yakatetemeka mezani. Lakini mtangazaji alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Kisha mzee akaunganisha moja ya zile ndogo. Mtangazaji yule yule akawa kama amekaa nao mezani, na Zuwena akasikia mpaka pumzi zake.

"Umesikia?" Mulamba akauliza. "Ile kubwa walitengeneza kwa ukumbi, watu wacheze. Ndani ya chumba kidogo, tena chini ya mabati, itavuma tu. Na sikio la mzee linapotea kwanza kwenye sauti nyembamba, zile za s na f na t. Ndizo zinaleta neno. Kwa bei ya ile moja kubwa nakupa ndogo mbili. Moja muweke sebuleni, moja karibu na kitanda cha Bibi."

Zuwena alijua mzee anasema kweli. Lakini alikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Siku iliyotangulia, shuleni, rafiki yake Asiya alijisifu kwamba redio ya kwao husikika hadi nyumba ya tatu. Zuwena akajibu mbele ya darasa zima, "Ngojeni muone ya kwetu. Siku ya Uhuru mutaisikia hadi ziwani!" Sasa ataendaje kwa wenzake na visanduku viwili visivyo na pambo?

"Nataka ile kubwa," akasema, akitazama miguu yake.

Mulamba alimgeukia. "Ni Baba amesema?"

"Ndiyo," Zuwena akajibu.

Nyumbani, Nasoro alishangaa alipoona lile sanduku likishushwa kwenye kitoroli. "Kubwa hivi? Hakuwa na ndogo? Nilisikia ana ndogo nzuri."

Zuwena alikuwa hajajiandaa kwa swali hilo. Maneno yakamtoka haraka. "Alikuwa nazo, Baba, lakini ni mbovu. Zinakatika-katika."

Nasoro akatikisa kichwa, akarudi kwenye cherehani. Na ikawa bahati mbaya kwamba pale barazani alikuwa ameketi Bwana Hubert, mwenye mkahawa wa karibu na stendi, akisubiri kupimwa suruali, naye akasikia kila neno.

Jumatatu saa kumi na moja redio ikafunguliwa. Spika kubwa ikavuma, mabati yakavuma nayo. Majirani wakatoka nje kutazama, na Zuwena akajisikia fahari. Kisha zikaja salamu. Bibi alikuwa ameketi mbele ya spika, mkono nyuma ya sikio. Mama yake Zuwena, Mwamini, alikuwa uani akikaanga samaki wadogo wa ndagala, na Baba alikuwa anamalizia kanzu ya mteja. Zuwena alikuwa mlangoni akihesabu watoto waliokuja kushangaa.

Salamu zilipokwisha, Bibi alitabasamu kwa adabu, kama mgeni aliyepewa chakula asichokipenda.

"Ina nguvu sana, mwanangu," akamwambia Nasoro. "Murakoze, asanteni. Nitaizoea."

Kesho yake Asiya alimkimbilia Zuwena langoni mwa shule. "Mbona wewe kimya tu? Bibi yako amepata habari gani?"

"Habari za nini?"

"Jana kwenye redio! Nilikuwa napita uani kwetu na ndoo, nikaisikia redio yetu ikisema, 'Batuli wa Rumonge, mama yake Amisi,' halafu mama akaniita. Sikusikia mwisho. Nyinyi hamukusikia?"

Zuwena akaelewa. Jina la Bibi lilisomwa ndani ya nyumba yao wenyewe, mbele ya uso wa Bibi, na hakuna aliyelisikia. Na lilisomwa kwa habari gani? Ya mtu mzima, au ya msiba?

Siku nzima hakuelewa somo hata moja. Njiani akapanga mpango: Alhamisi salamu zitakaporudiwa, ataenda kwa akina Asiya asikilize, kisha amletee Bibi habari. Hakuna atakayejua lolote kuhusu spika. Mpango ulimpa nafuu kidogo, mpaka alipopita karibu na kibanda cha Papa Mulamba.

"Mutoto wa Nasoro, njoo!" mzee akamwita. Alimkatia kipande cha muwa aliokuwa akila. "Niambie, Bibi anasikia vizuri?"

"Anasikia," Zuwena akasema, na muwa ukamshinda kutafuna.

"Nafurahi." Mulamba alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Mimi wiki hii nina mashaka. Bwana Hubert alikuwa ameagiza zile ndogo nne za mkahawa wake, kwa ajili ya Uhuru. Jana amekuja kuniambia hazitaki. Amesikia ni mbovu. Leo wengine wawili wamesema vile vile. Nimefungua zote, nimekagua kila waya. Mimi sioni ubovu. Pengine macho yangu iko inaisha."

Alisema hayo bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Zuwena. Mzee alikuwa ameacha kuwashuku watu, akaanza kuyashuku macho yake mwenyewe.

"Papa Mulamba," Zuwena akasema, na machozi yakaanza kumtoka, "macho yako ni mazima. Ni mimi."

Akamweleza yote. Alipomaliza, Mulamba alivaa miwani yake tena.

"Baba anajua?"

"Hajui."

"Basi nenda kwa Baba kwanza. Mimi nitangoja."

Nasoro alikuwa anapinda upindo wa gauni. Zuwena alisimama mbele ya cherehani, na safari hii hakutazama miguu yake. Alisema kuhusu majigambo ya shuleni, kuhusu spika ndogo ambazo hazikuwa mbovu, kuhusu Bwana Hubert, na mwisho kuhusu jina la Bibi lililopita redioni. Alipofika hapo, cherehani ikanyamaza.

"Jina la mama yangu lilisomwa?" Nasoro akauliza polepole. "Pamoja na la Amisi?"

"Ndiyo, Baba."

Nasoro aliufunika uso kwa viganja vyake. Zuwena alingoja kupigwa, au angalau kufokewa. Baba yake alipoondoa mikono, macho yalikuwa mekundu.

"Nimekasirika," akasema. "Sitakuficha. Lakini umekuja mwenyewe, na leo ni Jumanne, Alhamisi bado. Vaa viatu."

Waliliweka lile sanduku kubwa kwenye kitoroli, wakalisukuma pamoja hadi sokoni. Watoto wa shule waliwaona, na Asiya alikuwa miongoni mwao. Zuwena aliendelea kusukuma. Mulamba alikubali kubadilishana bila neno kali. Lakini Nasoro hakutaka waishie hapo. Alimwongoza binti yake hadi mkahawa wa Bwana Hubert, wakati watu wamejaa wakinywa chai.

"Sema," akamwambia.

"Bwana Hubert," Zuwena akasema. "Nilimwambia Baba kwamba spika ndogo za Papa Mulamba ni mbovu. Nilidanganya. Nilizisikia kwa masikio yangu, na ni nzuri. Nilitaka ile kubwa kwa kujionyesha tu. Naomba unisamehe, na tafadhali urudi kwake."

Watu waliacha kunywa. Bwana Hubert, mtu mrefu asiyecheka ovyo, aliiweka mezani birika aliyokuwa ameishika.

"Mimi nimekaa na watu wazima wengi katika mkahawa huu," akasema, "na sijamsikia hata mmoja akisema alichosema mtoto huyu. Nitakwenda kwa Mulamba sasa hivi."

Jumatano Papa Mulamba mwenyewe alikuja na bisibisi na waya. Aliweka spika moja sebuleni, mbali kidogo na kona ili isivume, na nyingine juu ya rafu ndogo ya ukutani karibu na kitanda cha Bibi, usawa wa sikio lake. Bibi aliuliza kwa nini ile kubwa imeondoka. Zuwena alikaa mbele yake, akamweleza polepole, neno kwa neno, ili asipoteze hata moja. Bibi alimshika mkono, akaendelea kuushika mpaka Mulamba alipomaliza kazi.

Alhamisi saa kumi na moja hapakuwa na nafasi ya kukaa katika chumba cha Bibi. Mwamini aliondoa sufuria motoni. Nasoro alifunga baraza wakati wateja bado wapo. Asiya naye alikuja, akakaa sakafuni karibu na Zuwena. Mtangazaji alisoma majina ya watu wa Uvira, ya watu wa Nyanza-Lac, ya mtu wa Magara. Kisha:

"Batuli wa Rumonge, mama yake Amisi fundi seremala. Mwanao Amisi anakusalimu. Yu mzima, yuko mjini Baraka, ng'ambo ya ziwa. Ameoa, na Mungu amempa mtoto wa kike. Amemwita Batuli. Anasema usiwe na wasiwasi, atavuka ziwa aje kukuona njia zikifunguka."

Wote walimtazama Bibi, maana hawakujua kama amesikia.

"Yu mzima," Bibi akasema. "Yuko Baraka. Ameoa. Amemwita mtoto Batuli." Hakukosea hata neno moja. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, akalia mbele ya watu, na Nasoro akapiga magoti akamkumbatia, naye akilia vile vile.

Walipotulia, Bibi alimwita Zuwena akae kitandani.

"Mke mwenzangu," akasema, "wewe uliniambia jana kwamba ulisema uongo mdogo. Sikiliza nikuambie. Ulipotoka mdomoni mwako ulikuwa mdogo, ndiyo. Lakini ukaenda sokoni ukamfanya fundi mwaminifu ayatilie shaka macho yake. Ukaingia mkahawani. Ukarudi hapa, ukanizuia kulisikia jina la mwanangu. Wewe hukuutuma huko kote, ulikwenda wenyewe. Na ukweli je? Ukweli hauendi wenyewe. Ilibidi uubebe wewe, kwa miguu yako, mlango hadi mlango, na watu wakikutazama. Ulikuwa mzito?"

"Ulikuwa mzito sana, Bibi."

"Na uliufikisha," Bibi akasema, akimfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. "Kwa hiyo, siku nyingine, useme mapema, uongo ungali karibu na mlango wa kwanza."