Soketi Isiyotaka Kukaa Ukutani

Mwasiti ana miaka sita. Mdogo wake, Kheri, anatambaa kila mahali.

Siku moja wakapata chumba chao wenyewe, hapo hapo nyumbani kwao Tanga. Baba aligawa sebule kwa ukuta mpya wa jipsamu. Mweupe! Laini!

Baba ni mpishi hodari. Lakini siku hiyo alitaka kuwa fundi umeme.

Akaweka soketi ukutani. Akaikaza kwa skrubu mbili fupi.
"Haichomoki hii!" akasema Baba.
"Sawa, Baba," akasema Mwasiti.
"Sawa, fundi," akasema Mama.

Mama akachomeka pasi. Akanyoosha sare ya Mwasiti. Akachomoa plagi.

Krrr... pwa! Soketi ikaja na plagi yake! Ikaning'inia kwenye nyaya.

Kheri akaiona. "Ta! Ta!" Akatambaa mbio kwenda kuishika.

"Hapana, Kheri!" Mwasiti akamdaka mguu. Umeme si wa kuchezea.

Baba akakimbia kuzima swichi kuu. Tak!

"Skrubu zilikuwa fupi," akasema. Akaleta ndefu. Akakaza, akakaza, jasho likamtoka.
"Haichomoki hii!"
"Sawa, Baba."
"Sawa, fundi."

Mama akaigusa kidogo tu.
Krrr... pwa!

Sasa Baba akaleta gundi. Akapaka nyingi, nyingi, nyingi.
"Haichomoki hii!"
"Sawa, Baba."
"Sawa, fundi." Mama akaziba mdomo kwa kanga.

Krrr... pwa! Baba alipoivuta tu, soketi ikachomoka. Kidole cha Baba kikabaki kimenata ukutani.

"Baba," akauliza Mwasiti, "na wewe tukuchomoe?"

Walimchomoa kwa maji ya moto na sabuni. Kisha Mama akasema, "Baba Mwasiti, tumwite dada yako."

"Hidaya? Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha baiskeli!"

"Baba," akasema Mwasiti, "lakini hii si baiskeli."

Baba akamkuna Kheri kichwani. Akawaza. Akapiga simu.

"Hodi!" Shangazi Hidaya akaingia na begi lake zito. Yeye ni fundi umeme kweli kweli.

"Shikamoo, Shangazi!"
"Marahaba, mwanangu. Umeme umezimwa?"
"Umezimwa!"

Hata hivyo, Shangazi akapima kwa testa. Taa yake ndogo haikuwaka. Hapo ndipo alipogusa nyaya.

Akagonga ukuta wa zamani, wa tofali. Ko! Ko! Ko!
Akagonga ukuta mpya. Bo! Bo! Bo!
"Umesikia nini, Mwasiti?"

"Huu una tumbo tupu!"

"Haswa. Ndani hamna kitu. Na jipsamu yenyewe ni nyembamba. Skrubu haina pa kushika."

Shangazi akamtazama Baba. Baba akatazama unga mweupe wa jipsamu sakafuni.

Shangazi akatoa boksi la plastiki. Lilikuwa na mabawa mawili madogo. Akachora mstari ukutani kwa penseli. Akakata tundu kwa msumeno mdogo. Krichi, krichi, krichi.

Boksi likaingia tunduni, likatosha sawasawa. Shangazi akazungusha bisibisi. Kule nyuma, mabawa yakafunguka. Yakaukumbatia ukuta kwa nguvu.

Akaunga nyaya. Akaifunga soketi kwenye boksi. Akawasha swichi kuu. Tak!

"Kaka, jaribu wewe," akasema.

Baba akachomeka pasi. Akaivuta plagi kwa nguvu zake zote.

Puu! Baba akakaa chini kwa makalio. Plagi ilikuwa mkononi.

Na soketi je? Kimya. Haikutikisika hata kidogo.

"Imekaa!" akashangilia Mwasiti. Kheri akapiga makofi.

Baba hakushangilia. Akakuna shingo.
"Hidaya, dada yangu... kule upande wa sebuleni..."
"Kuna nini?"
"Kuna nyingine."
"Ngapi, Kaka?"
"Tatu," akasema Baba, polepole.

Wakacheka wote. Mama alicheka hadi kanga ikadondoka. Mwishowe Baba naye akacheka.

Shangazi akamwekea bisibisi kiganjani. "Kesho asubuhi utazifunga wewe. Nitakufundisha. Leo hakuna kuzigusa! Na msimamizi wetu ni Mwasiti."

Jioni, baada ya kula tu, Mwasiti akapanda kitandani. Akajifunika shuka hadi kidevuni.

Mama akashangaa. "Mapema hivi? Unaumwa, mwanangu?"

"Siumwi, Mama," akasema Mwasiti, akafumba macho. "Kesho nina kazi. Namsimamia Baba."