Mtego wa Nane

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuteka maji ziwani, Jepleting na mdogo wake Cheptoo walikunywa chai kwa nyanya yao, Kogo. Chai ya Kogo haikukosa kitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Amejikunja nyasini, hana macho wala meno, anangoja mguu."

"Nyoka!" Cheptoo akaruka.

"Nyoka gani hana macho? Nipe mji."

"Nakupa Nakuru!"

"Haya. Nakuru nimefika, nimekula nyama choma, wewe nimekubakishia mfupa. Jibu ni mtego."

Cheptoo alicheka, akabeba mtungi wake mdogo na kushika njia ya ziwani. Jepleting akaweka kikombe chini haraka.

"Cheptoo, rudi! Leo hakuna kupita huko."

Kogo alimtazama. "Umeficha nini, mama?"

Jepleting akalia, akasema yote. Alikuwa na miaka kumi na tatu tu, lakini Kikundi cha Haki ya Kuwinda cha hapo kijijini Kamere, ambamo Kogo naye alikuwa mwanachama, kilimfanya karani kwa sababu ya mwandiko wake. Wanachama walitaka serikali iwaruhusu kuwinda wanyama wanaoharibu mashamba. Mwanzoni alikubaliana nao. Si viboko walimaliza sukuma wiki yote ya Kogo? Lakini Jumamosi iliyopita, watu walipotawanyika, mwenyekiti, Mzee Mbugua, alibaki na wanakamati wawili.

"Barua kwa serikali zinachelewa," alisema. "Karani, andika: mitego minane ya waya, njia ya ziwani. Na usiwe na mdomo."

Aliandika. Juzi mbwa wa jirani yao, Mama Winrose, alipatikana amekufa, alama ya waya shingoni. Sasa Mbugua alitaka barua ijayo iseme mbwa huyo ameuawa na chui.

"Kogo, nitoke kwenye kikundi?"

"Ukitoka kimya, mitego nayo itatoka?"

Jepleting alichukua daftari lake.

Mkutano wa asubuhi hiyo ya Jumamosi ulikuwa nyuma ya kinu cha posho. Wingu jeusi lilikuwa limefunika ziwa, na viboko walikuwa wakikoroma. Baada ya maombi, kama kawaida, karani aliambiwa asome kumbukumbu za mkutano uliopita. Alisoma majina ya waliohudhuria. Kisha hakuishia hapo.

"Baada ya mkutano, mwenyekiti na kamati walikubaliana kutega mitego minane ya waya, njia ya ziwani."

Watu wote walimgeukia mwenyekiti.

"Njia ya ziwani?" Mama Winrose akainuka. "Ndiyo maana mbwa wangu... Mbugua! Watoto wetu wanapita wapi?"

"Wewe msichana," Mbugua akanguruma, "nani alikutuma kuandika hayo?"

"Ni wewe, mzee. Ulisema niandike."

Wote walitoka kwenda kutafuta. Kufikia saa sita walikuwa wameng'oa saba. Wa nane haukuonekana, na Mbugua mwenyewe, jasho likimtoka, hakukumbuka alipouweka. Matone ya mvua yakaanza. Nyasi zote zilifanana.

Jepleting ndiye aliyeuona, kwenye kona, kando ya jiwe ambalo Cheptoo hupumzikia na mtungi wake. Waya ulikuwa umejikunja. Pembeni yake, karibu kabisa, palikuwa na alama ya ndala ndogo.

Mzee Mbugua aliitazama alama hiyo, akakaa chini matopeni. "Mungu wangu," alisema. "Nisameheni." Jioni hiyo alijiuzulu uenyekiti.

Jepleting alimkabidhi Kogo daftari. "Sitaki kuwa karani wao tena."

"Umetoka vizuri," Kogo alisema, akimvuta Cheptoo mapajani. "Mimi nitabaki, maana viboko bado wanakula mazao yetu, na lazima mtu awaambie hawa wajenge ua badala ya kutega waya. Mtu anaweza kubaki, anaweza kutoka. Lakini jambo la kuumiza watu, mwanangu, ukilijua, liseme siku hiyo hiyo. Wewe ulingoja wiki nzima. Ilibaki hatua moja tu Cheptoo akanyage waya."