Swaumu na Boksi la Ujumbe

Mniwie radhi mapema. Hadithi hii ilistahili msimulizi mwenye akili zake, ila wote wa Katoro walikuwa na kazi, nikabaki mimi.

Swaumu alikuwa mpokea simu mpya katika duka la Feisal, muuza pampu za kunyonya maji kwenye maduara, yale mashimo ya wachimba dhahabu. Tangu amzike dada yake alikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, lakini hausikii. Aliachiwa Raudha, mtoto wa marehemu, wa miaka minne, na kazi hii ndiyo iliyowalisha.

"Wateja wanapiga tumefunga, hawana pa kuacha ujumbe," Feisal alimwambia Jumatatu. "Mitambo ipo mitatu. Wa kwenye kompyuta, wa kampuni ya simu, na lile boksi la mezani aliloliacha mpangaji wa zamani. Chagua mmoja ujifunze. Ijumaa nikipiga nikute unafanya kazi, la sivyo kiti hicho anakalia mpwa wangu Philomena."

"Sawa, bosi."

"Hata huulizi upi rahisi?"

"Upi rahisi?"

"Ningejua, ningekuajiri wewe?"

Wa kompyuta ulimdai neno la siri mara tatu, ukamfungia. Wa kampuni ya simu uliongea Kiingereza kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Boksi lilikuwa na vitufe viwili tu. Akalichagua. Akarekodi kwa adabu aliyolelewa nayo: "Shikamoo. Hatupo ofisini. Tafadhali acha ujumbe." Alipojisikiliza, maneno yake yaliisha, kisha mtu akavuta pumzi ndani ya boksi.

Jumanne asubuhi taa ilikuwa inawaka. Ujumbe mmoja, hauna namba. Sauti ya mzee: "Marahaba, mwanangu." Basi. Swaumu akaandika daftarini: Mzee, marahaba. Akaendelea kufagia.

Jumatano: "Marahaba, mwanangu. Mbona hulii?" Safari hii boksi lilinuka baruti na udongo mbichi, kama duara lililoporomoka. Akaandika.

Alhamisi umeme ulikatika tangu alfajiri, na Swaumu alipofungua duka alikuta taa ya boksi inawaka vilevile, waya wake umelala sakafuni haujachomekwa popote, harufu ile imeingia mpaka kwenye pazia, na kabla hajagusa kitufe sauti ikaanza yenyewe, ya upole, ya mtu mzima anayejua anasikilizwa, ikisema: "Marahaba, mwanangu. Umeniamkia siku tatu nami nimekuitikia siku tatu, sasa mimi ni mkubwa wako, na mkubwa akituma hakataliwi. Kesho niletee Raudha."

Kalamu ilikuwa imeshaandika: Kesho, Raudha. Ndipo akaitupa.

Alilifunga boksi kwenye kanga, akakimbilia kwa Bi Mwamvua, mganga wa kitabu.

"Ulimwamkia nani humu?" Bi Mwamvua alinong'ona.

"Wateja, bibi."

"Uliwataja?"

"Hapana."

"Basi uliamkia yeyote aliyekuwa karibu. Na huyu alikuwa ndani, mwanangu."

"Bibi, nakuomba, usiniite mwanangu."

Bi Mwamvua akafukiza ubani, akasoma mpaka jasho likamtoka. Boksi likakohoa. Taa ikazimika. "Likatupwe kwenye duara lililokufa, leo hii, na mtu asilisikilize njiani."

Swaumu akarudi dukani, akamkalisha Raudha miguuni pake, akasubiri kuanza upya na kompyuta. Umeme uliporudi alikosea neno la siri, akalia, akalipata. Ijumaa Feisal alipopiga, mtambo ulipokea. Haukuamkia mtu.

Msimlaumu jini kwa yaliyofuata. Dereva wa duka aliyepewa kazi ya kulitupa boksi ni mimi. Nikalitazama, zima kabisa, nikaona ni dhambi kulitupa. Nikampelekea shemeji yangu Mwigulu, kule Mhunze, aliyefungua duka la dawa za mifugo. Juzi nikampigia, hakuwepo, boksi likapokea. Sauti ya Swaumu ikasema, "Shikamoo." Nami, kwa ninavyopenda kuamkiwa, nikajibu kwa mbwembwe, "Marahaba!"

Tuliitikia wawili.