Pumzi ya Mstari wa Tatu

"Umepumua mahali pengine."

"Nimepumua kwa sababu mimi ni binadamu, mpenzi. Au sasa niwe naomba ruhusa?"

"Usinichekeshe. Miaka miwili nakupigia wimbo huu. Mstari wa tatu huukati. Unaubeba mpaka mwisho, ndipo unavuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Leo umesimama katikati. Kwa nini?"

Mwimbaji akacheka, akajipangusa suti. Ilikuwa suti mpya nyeusi, kola inameremeta, mikunjo ya dukani bado haijatoka. Mwalimu alikuwa amevaa sweta lake la kijani lililochakaa viwikoni, maana viwiko vya mpiga piano havitulii. Chumba cha mazoezi kilikuwa ghorofa ya tatu ya shule ya muziki. Nje baridi, ndani madirisha yamejaa mvuke.

"Vidole wangu," mwimbaji akasema, "tuanze tena, nitaimba vizuri."

"Sikusema umeimba vibaya. Nimekuuliza swali."

Walikutana miaka miwili nyuma stesheni ya treni, asubuhi ya watu wengi. Katikati ya ukumbi palikuwa na piano ya wapita njia, na Mwalimu, ambaye alikuwa na mwaka wa tisa ugenini, alikaa kupasha vidole joto kabla ya kwenda kufundisha. Alipiga wimbo ambao mama yake alikuwa akiwabembelezea watoto. Sauti nzito ikaudaka kutoka kwenye foleni ya tiketi, na maneno yake yote. Mwenye sauti akaacha foleni, mkate kwapani.

"Dada, unaukimbiza huo wimbo. Kuna mbwa nyuma yako?"

"Na wewe kaka unauburuta. Umebeba gunia?"

Wote wawili wakakosa treni. Miaka tisa hakuna mtu aliyemtania kwa lugha yake mpaka akacheka hadi machozi, na mwanamke aliyekaa muda mrefu hivyo bila utani hulainika haraka. Akamwita Besi, kwa ile sauti yake nzito. Naye akamwita Vidole.

Baadaye wakala wa maonyesho alimsikia Besi akiimba, akamwahidi ziara ya mwaka mzima katika nchi sita, mwimbaji na mpiga piano. Besi alirudi nyumbani anaruka. "Tunakwenda!" alisema. Si "ninakwenda". Kwa neno hilo moja Mwalimu alikuwa ameacha barua mezani wiki tatu bila kukubali wala kukataa. Shule ya watoto katika mji mwingine ilitaka awe mkuu wa idara ya piano, kazi ya kudumu, kibali cha kuishi kikiwa ndani yake. Aliwaomba kwa simu wamsubiri, wakampa mpaka leo saa sita mchana. Sasa ilikuwa saa tano kasoro.

Akageukia piano. Akapiga mstari wa tatu, akasimama ghafla katikati, kisha akaruka kwenye noti zinazofuata.

"Umesikia? Mpiga piano anayesimama hapa mkono wake haufiki. Kidole gumba huku, cha mwisho kule. Lazima aruke, na kuruka kunataka muda. Na wewe kwa adabu zako umejifunza kupumua hapo ili asiaibike." Akageuka. "Mkono huo naujua, Besi. Naufundisha kila Jumanne, mwaka wa tatu sasa."

Besi akatazama viatu vyake. Navyo vilikuwa vipya.

"Hakuna kitu kati yangu na yule msichana. Naapa."

"Afadhali ungembusu. Busu ningelia wiki moja nikanawa uso. Wewe umempa kiti changu."

"Si mimi, ni wakala! Alisema wageni wawili, nchi sita, viza kila mpaka, haiwezekani. Yule ni mwenyeji. Pasipoti yake inafungua kila mlango."

"Alisema lini?"

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri wa..."

"Nimekuuliza lini."

"Mwezi wa tatu."

Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Mwalimu akahesabu moyoni asubuhi zote hizo, chai aliyombebea katika chupa, mafua aliyofanya nayo mazoezi.

"Kwa hiyo ulikuwa unakuja kufanya nini hapa?"

"Hakuna anayenifundisha wimbo kama wewe," Besi akajibu, na kwa sauti yake ile nzuri ilikuwa kama anamsifia.

Simu ikalia juu ya piano. Mama.

"Mwanangu, niambie moja. Mwezi ujao mnakuja au hamji? Shangazi yako yuko hapa na ndoo ya rangi, anataka kupaka chumba cha mkwe."

"Asipake, Mama."

"Rangi tumeshanunua!"

"Basi apake. Nitalala mwenyewe."

Sauti ya Mama ikashuka. "Amekufanya nini?"

"Nitakupigia nikiwa kwenye treni."

"Treni ya wapi?"

Mwalimu akaitazama simu. Mpaka alipoitamka, hakujua kwamba kuna treni. "Nitakupigia," akarudia, akakata.

Besi alikuwa ameshamsogelea, amemshika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa ya moto kama siku zote. "Vidole, laazizi, nisikilize. Tuoane. Nikirudi tu, tunaoana. Mwaka ni nini?"

Moyo ukamruka, tusidanganyane. Miaka miwili alilisubiri neno hilo. Alimtazama machoni, akatamani kumwamini, akakuta mtu anayetaka kusamehewa kabla ya chakula cha mchana.

"Mwezi wa tatu ulikuwa nalo neno hilo?"

Besi akamwachia mikono.

Mlango ukagongwa. Mwanafunzi wa Jumanne akaingia, kofia ya sufu, pua nyekundu kwa baridi, akamkumbatia Mwalimu kabla hajavua koti. "Nilitaka kukushukuru siku nyingi," akasema kwa lugha ya nchi ile. "Ameniambia umeikataa ziara mwenyewe, umechoka kusafiri, na wewe ndiye uliyenichagua mimi." Kisha akaziona nyuso zao. Akavua kofia taratibu. "Si kweli?"

"Si kweli," Mwalimu akasema. "Kaa. Kosa si lako."

Palepale, mbele yao, akapiga simu. Mkuu wa shule alipokea haraka, kama aliyekuwa ameikalia.

"Ninakubali," Mwalimu akasema. "Nakuja leo, kwa treni ya saa saba."

"Nimefurahi sana! Na yule mchumba wako uliyesema hataki kuhama?"

"Ameshahama."

Akaanza kukusanya vitabu vyake vya noti. Kila ukurasa ulikuwa na maandishi yake ya penseli: hapa msubiri, hapa mfuate, hapa ana hofu, piga kwa nguvu umfunike.

"Hivyo utaniachia," Besi akasema. "Bila hivyo sitaweza... Vidole, tafadhali."

"Mwandiko ni wangu," akasema, akafunga zipu ya begi.

Akamwinamia mwanafunzi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha piano, akaushika ule mkono mdogo na kuuweka mahali pake. "Usiruke. Zivunje noti, usizipige pamoja. Anza na noti ya chini, nyingine zifuate kama unapanda ngazi. Hutahitaji kusimama, na hutahitaji mtu apumue kwa ajili yako."

Msichana akajaribu, machozi yakimdondokea kwenye vidole. Zikatoka zote, bila pengo.

"Hivyo hivyo," Mwalimu akasema.

Akaweka ufunguo wa nyumba ya Besi juu ya piano, akavaa koti, akashuka ngazi mbilimbili na begi begani. Ghorofa ya chini alimkuta mlinzi.

"Leo mapema, Mwalimu?"

"Nimechelewa," akasema, na tayari alikuwa barabarani.